Agosti, Jabali Juu ya Mbale

Nilimwamsha saa kumi na mbili, ukungu bado umelala
juu ya majani ya chai kama blanketi la hospitali.
Akasema: Mama, hii ni likizo.
Nikasema: najua.
Akasema: na ni baridi.
Nikasema: najua pia, vaa sweta la shule.
Hakuna ugomvi mrefu kuliko ule wa maneno mafupi.

Kegode wangu, miaka kumi na sita,
ameota mabega tangu Pasaka bila kuniomba ruhusa,
ananipita kimo, ananijibu kwa nyusi.
Mwaka huu wote nimemlea kupitia mlango uliofungwa:
nabisha, chakula; nabisha, karo; nabisha, uko hai?

Mimi ni fundi wa nyaya. Miaka kumi na minane
napanda nguzo za umeme kutoka Majengo hadi Chavakali,
mshipi kiunoni, koleo mfukoni,
na wanaume chini wakisubiri nianguke wapate la kusimulia.
Shamba letu ni dogo, kunguru akitua mkia uko kwa jirani.
Kitu pekee nilicho nacho cha kurithisha
ni kupanda.

Jabali lilikuwa linatoka jasho baridi. Mawe ya kwetu
yamerundikana kama mzigo wa mtu aliyehama usiku
akachokea njiani.
Nikazungusha kamba kwenye mti wa juu, nikaijaribu kwa uzito wangu,
nikamfunga fundo la nane, nikalikaza, nikalirudia.
Tangu Januari hakuwa ameniacha nimguse.

Alipanda kama anayelipa deni la mtu mwingine.
Mita moja, mbili, ya tatu akakwama:
mguu wa kulia ukacheza kama cherehani,
vidole ganzi, shavu limebanwa kwenye jiwe.
Nilikuwa na maneno. Mama hakosi maneno.
Jikaze, usitazame chini, wenzako wangekuwa juu.
Nikayatafuna yote, machungu kama mnavu wa jana.
"Nishushe," akasema.
Nikamshusha.

Hakulia. Alikalia kofia yangu ya kazi,
akapuliza viganja. Manyunyu yakaanza, yakaghairi.
Kisha, bila kunitazama:
"Sasa wewe. Mimi nishike."

Hapo ndipo nilipoogopa.
Nguzo haina hasira. Waya haukukumbuki.
Lakini huyu niliyekuwa namkabidhi mbavu zangu
ndiye niliyemnyang'anya simu Jumapili,
niliyemwita mzigo, shangazi zake wakisikia.
Nilikagua fundo mara nne. Akaona. Akanyamaza.

Nikapanda. Jiwe likanikubali, kisha likanikataa:
palepale alipokwama yeye
goti langu la miaka arobaini na minne likagoma.
Kamba ikakazika kiunoni polepole,
kama mkono unaokushika gizani bila kujitaja.
"Mguu wa kushoto," sauti ikatoka chini, nzito, ngeni,
sauti ya mtu aliyekuwa akinitazama muda wote.
"Kuna kijishimo. Chini kidogo. Hapo. Hapo, Mama."
Nikaweka mguu nisipopaona. Palikuwepo.

Sikufika juu. Wacha niseme ukweli:
mvua ilirudi na mawe yake ikatufukuza.
Tukajibanza kwenye upenu wa kinu cha posho,
chai ya rangi, mandazi mawili, moshi wa dizeli.
"Mimi sirudi huko," akasema.
"Sawa," nikasema.
Viganja vyake vilikuwa na mstari wa kamba,
akavificha chini ya meza nilipovitazama.

Usiku nilitoka kuchukua kuni
nikaikuta kamba imetundikwa jikoni ikauke,
imekunjwa vitanzi vitanzi, namna yangu,
ambayo sikumbuki kumfundisha.
Kitanzi kimoja kilikuwa kimepinda.
Sikukinyoosha.