Kumbukumbu za Kikao

Ukumbi wa halmashauri, Moshi, Jumanne. Mvua ya Aprili
imefuta Kibo na Mawenzi, tumebaki na bati na sauti.
Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika, si kusema.
Tunakusanya maoni ya muswada: mtoto mwenye jinsi tata
asiguswe na kisu mpaka atimize miaka kumi na minane.

Daktari Kiwelu anavua miwani. Anasema
mengine hayangoji. Mkojo ukiziba, chumvi ikimwisha damuni,
sheria isije ikamfunga mikono mbele ya mtoto anayekufa.
Naandika.
Mwanasheria aliyetoka Arusha anajibu:
kuokoa ni kuokoa, kurekebisha ni kurekebisha,
tusivitie kapu moja.
Naandika.
Mzee wa kanisa anataka liingie neno laana.
Mwenyekiti anakataa. Nilikwishaandika; nafuta.

Ndeonansia wa Kibosho anasimama, mtoto mgongoni.
"Mkunga aliniuliza, tuandike nini? Nikasema, andika Aikaeli.
Akasema, mama, hapa pana visanduku viwili.
Mimi namwita mwanangu. Analia, anacheka, anapenda mtori.
Lugha haijanidai zaidi ya hapo.
Wanaodai ni majirani, nikimbadilisha nepi.
Haya, nikingoja hiyo miaka yenu,
nani atasimama naye chooni shuleni?"

Hapo kalamu ikasita.
Nina kovu. Nililipata nikiwa na miezi saba,
mwaka wa foleni za sabuni, kabla sijaota jino.
Mama kalala kihambani, chini ya migomba, na jibu lake.
Siku nyingine naona alinikinga.
Siku nyingine, nikioga, nauliza
nani aliingia nyumbani mwangu kabla yangu
akaziba mlango ambao sikuwahi kuuona.
Hilo halimo kwenye agenda.

Saa nane chai, maandazi, sahihi za posho.
Daktari na mwanasheria wanabishana bado,
huku mmoja akimmiminia mwenzake maziwa.
Muswada unarudi kamatini; maneno *kwa ridhaa ya mtoto*
yamepigiwa mstari mara mbili, kwa kalamu mbili tofauti.

Barazani Ndeonansia anamfunika mwanawe na plastiki.
Mtoto ananinyooshea kidole, kisha anakinyonya.
Naomba majina ya waliohudhuria, namwambia.
"Langu unalo. Na huyu alikuwepo."

Nafungua daftari, mvua inalowesha ukingo.
Aikaeli, miezi kumi na mmoja.
Alikuwepo. Hakuchangia.