Elfu Nne

Ibra, Jumatatu, saa nne ya asubuhi.
Baba yumo ndani ya kibanda,
mlango mnene kama wa jokofu la bucha,
kitufe mkononi.
Ameambiwa: ukisikia, bonyeza,
hata ikiwa ndogo kama sisimizi anapita.
Amekaa wima, kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Bi Ibtihaji, mpimaji, ananieleza nje ya kioo:
sikio la mwanadamu limekatiwa shamba lake,
mpaka wa chini mitetemo ishirini kwa sekunde,
wa juu elfu ishirini.
Chini ya hapo wananong'ona tembo,
juu ya hapo, popo.
"Na sisi?"
"Sisi tumo katikati. Ila kila mwaka
jirani wa juu anasogeza ua."

Mwanangu Lamya, miaka tisa, ameziba masikio.
"Mama, chaja ile ukutani inalia."
Natega. Ukuta tu.
Nina miaka arubaini na nne,
na sikumbuki siku chaja ziliponyamaza.
Sauti haiagi inapohama.

Mia mbili na hamsini: taa mezani inawaka, amebonyeza.
Mia tano, amebonyeza.
Elfu moja, elfu mbili,
anatabasamu kama mtoto aliyeibia majibu.
Elfu nne.
Kidole kimetulia.
Elfu nne, kwa nguvu zaidi.
Baba anatazama zulia.

Bi Ibtihaji haulizi kazi gani. Anauliza miaka mingapi.
Ishirini na sita, Fahud, mashine za kusukuma gesi.
Walipewa vizibo, wakavitia mifukoni,
kwani mwenye vizibo hamsikii mwenzake
anapopiga ukelele, "Kimbia!"

Huko juu, anasema, ndiko zinakokaa
herufi za pumzi: fe, the, she, se.

Hapo nikaielewa nyumba yetu.
Maana kukataa kwetu huanza na se.
Mama akisema "Siendi", "Sitaki", "Si leo",
Baba yuko mlangoni, kobasi mguuni,
funguo za gari zinaning'inia kidoleni,
anashangaa mke aliyekubali mbona amenuna.
Miaka yote ile tukimwita mbishi.

Na usiku ule wa Ramadhani, baada ya daku,
"Hujambo, Zuwena?"
"Sijambo," Mama akasema, kashika ubavu.
Si ikadondoka njiani, baina ya mto na sikio.
Kilichofika ni jambo.
"Jambo gani?" akauliza, na hakungoja jawabu,
akambeba na shuka lake, akawasha gari.
Daktari alisema: mngengoja jua lichomoze,
mngekuja kuchukua maiti.
Akaishi miaka minne mingine, Mama,
na yote minne alilalamika:
"Mimi nilimwambia sijambo."

Baba ametoka. Anaikagua karatasi,
mstari unakwenda sawa, unakwenda sawa,
kisha unakatika kama barabara
iliyochukuliwa na mafuriko ya wadi.
Bi Ibtihaji anamtilia kifaa kiganjani,
kidogo, rangi ya ngozi, kama kokwa ya tende.

"Nikikivaa nitasikia kila kitu?"
"Takriban."
"Hata mtu akisema sitaki?"
"Hasa hiyo, Babu," Lamya anadakia.

Anakigeuzageuza.
"Na akisema sijambo?"
"Utaisikia yote, baba yangu, mwanzo hadi mwisho."

Akakirudisha mezani, taratibu.
"Basi," akasema, "hebu ngojeni kidogo."