Aliyesema Hajambo

Lori la magogo lilipinduka kando ya daraja la Enguri,
theluji ikianguka bila haraka,
wakatuletea wawili ndani ya gari la posta.

Wa kwanza, Jansugi, bonde zima lilimsikia.
Mfupa wa muundi umechungulia nje ya suruali,
anamtukana dereva, anamtukana Mungu,
Mungu anamwomba radhi,
dereva anamrudia.
Daktari Lamara na wasaidizi wote wakamkimbilia.
Nami nikachukua mkasi, nikageuka,

na kwenye benchi, chini ya kalenda ya mwaka jana,
ameketi Bekmurza, kofia ya sufu magotini,
anaikunja, anaikunjua.
Hana tone la damu.
Aliniomba samahani kwa matope ya viatu vyake.
"Sijambo," akasema. "Mshughulikieni yule."

Ningemwamini.
Mwaka wa kumi na tisa katika kazi hii, na bado ningemwamini,
ila aliniuliza saa,
nikamjibu,
akaniuliza tena.
Kisha akaomba maji.
Nani huona kiu
katika baridi ya kugandisha wino?

Nikamshika mkono kama anayesalimia.
Baridi, umelowa, chupa iliyotolewa kisimani.
Mshipa ulikimbia chini ya vidole vyangu, mwembamba kama uzi,
mia na ishirini na nane kwa dakika,
kwa mtu aliyeketi tu.
Nikambonya ukucha, nikaachia:
moja,
mbili,
tatu,
na wekundu ukarudi ukisitasita
kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.

Presha ilinidanganya: mia na kumi kwa tisini na mbili.
Hivyo ndivyo ilivyo. Mwili husitiri aibu ya nyumba,
hubana huku, huazima kule,
wageni wakaona sahani zimejaa,
mpaka siku jiko linapozimika lote.

"Unaumwa wapi?"
"Bega tu, la kushoto. Nililala vibaya."

Bega.
Nikamfungua vifungo vya shati.
Chini ya mbavu za kushoto, rangi ya zambarau,
upinde wa usukani.
Basi ndiye dereva.
Matusi yote yale ameyasikiliza akiwa ameinamisha kichwa,
na kilichokuwa kikimla ki nguoni mwake.

"Wengu," nilimwambia Lamara, kwa sauti ya chini.
Kelele zilikuwa na mwenyewe.

Tukamlaza, miguu juu, mablanketi,
dripu mbili, sindano nene, kila mkono yake.
Helikopta haikuweza kuruka.
Gari likashika njia ya Zugdidi, saa tatu
kama theluji itakubali.
Aliponipita alikuwa ameacha kuuliza saa.
Hilo sikulipenda.

Jansugi alinyamaza kwa mara ya kwanza.
"Mnampeleka wapi?"
Hakuna aliyejibu.
Alikaa kimya kitambo, akitazama dari,
kisha akasema, "Nipe maji."

Nikaruka kutoka kitini,
nikamkamata ukucha.