Mguu wa Mpiga Ngoma

Kamera ya kwanza aliinunua Newport
kwa Haydn Prothero, mpiga picha za harusi, aliyechoka na maharusi.
Ndani mlisahauliwa kanda: keki, shela, mjomba amelewa.
Eluned hakuifuta. Alianzia pale mjomba alipoanguka,
ndiyo maana filamu yake ya kwanza ya muziki
inafunguka kwa kiatu na zulia,
halafu, bila hodi, gitaa.

Mimi nilikuwa mvuta waya.
Nasema hivi ujue nilisimama wapi:
nyuma yake, hatua mbili, mkono kwenye mkanda wake
asije akarudi kinyumenyume akadondoka jukwaani.
Miaka kumi na tisa. Mgongo ule naujua
kuliko uso wangu.

Tulianza kwenye klabu za wachimba makaa.
Migodi ilikuwa imefungwa, kiu haikufungwa.
Dari fupi, jasho likitudondokea toka juu,
lenzi ikivaa ukungu kila kibwagizo.
"Mwimbaji kila mtu anamwona," aliniambia,
"wewe nitafutie mguu wa mpiga ngoma.
Uso unajua unatazamwa. Mguu haujui."

Kisha zikaja video, na pesa, na watu wa kutuletea kahawa.
Cardiff, juu ya paa la maegesho, mkurugenzi wa kampuni alitaka mvua.
Wales! Nchi isiyoomba mvua, siku hiyo ikagoma.
Tukakodi gari la zimamoto.
Binti akafuatisha wimbo wake mwenyewe mara arobaini na moja,
mwishowe maneno ameyatafuna kama chingamu iliyoisha utamu.
Eluned akasema: zima kanda. Imba.
Akaimba. Hata wazima moto walishusha bomba.
Kampuni ikaikataa: midomo hailingani.
Akapokea hundi, akanyamaza,
akamwezekea mama yake nyumba.

Na Swansea, ule usiku wa Gethin Maddock —
aliyekuwepo hajaacha kuusimulia —
Eluned alibonyeza mara mbili.
Kila mpiga picha anaijua dhambi hii:
unadhani inarekodi, imelala;
unadhani umezima, iko macho.
Hakuna hata wimbo mmoja.
Tulipata dakika kumi na moja za katikati:
sakafu, nyaya, kisigino changu,
Gethin akiomba maji,
Gethin amepiga goti gizani
akimfunga kamba za kiatu mpiga ngoma,
kijana wa miaka kumi na sita mwenye mikono iliyotetemeka.

Eluned aliificha kanda ile kama deni.

Gethin alipofariki, dada yake Mererid alikuja
akiomba chochote.
Tukampa kiti. Tukamwomba radhi kabla hatujawasha.
Aliitazama mara tatu, hakulia.
"Nyimbo ninazo," alisema. "Huyu ndiye sikuwa naye."

Siku hizi magoti ya Eluned hayapandi ngazi za jukwaa.
Kamera iko juu ya kabati, karibu na unga.
Jana jikoni kwake, birika mkononi,
redio ikapiga kitu,
akarudi nyuma hatua moja, mbili,
macho yakipima ukuta kwa mbali.

Mkono wangu ukatoka wenyewe
kuutafuta mkanda.