Daftari la Michango, Mtambwe

Daftari hili lilikuwa la hesabu, la mwanangu Asaa.
Nyuma ya jalada bado lipo jedwali la kuzidisha:
saba mara nane, hamsini na sita.
Mengine yote humu ni mwandiko wangu,
maana katibu wa michango alikuwa mume wangu
na macho yake yakaingia ukungu,
kalamu ikanirithi.

Ukurasa wa mwanzo: Hamadi wa Faki,
kaanguka mkarafuuni, paja limevunjika.
Shaame, elfu mbili. Mize, mia tano.
Bi Riziki, mkungu wa ndizi, uuzwe.
Asiyetaka kutajwa, elfu kumi.
Jumla haikufika.
Ikawekwa rehani mikarafuu mitatu,
na hadi leo anayechuma ni mwenye pesa zake.
Hamadi hupita chini yake na mkongojo,
hatazami juu.

Ukurasa wa kumi na moja: mke wa Makame,
uchungu siku ya pili. Gari hadi Wete. Mafuta ya gari.
Glavu, uzi, pamba, wembe.
Chini nimeandika *mtoto wa kike*
kwa wino mwekundu. Haikuwa hesabu,
nilifurahi tu.

Wa kumi na tisa siusomi kwa sauti.
Tiketi ya boti kwenda Unguja, ya mama yangu.
Imenunuliwa. Haikutumika.

Na yupo ambaye humu hayumo.
Saumu alikuwa na kijiwe kwenye titi,
kidogo, kama punje ya kunde.
Lakini ili uchangiwe, sharti utangazwe,
baada ya swala ya Ijumaa, jina na maradhi,
na titi la mtu halisomwi kwenye kipaza sauti.
Akanyamaza. Akajifunga leso mbili, tatu.
Tulijua kwa harufu.
Mimi, mwenye daftari, nyumba ya pili kutoka kwake.

Mwezi uliopita wakaja vijana wa bima,
na kompyuta na kimashine cha alama za vidole.
Tukapanga foleni kwenye baraza ya skuli.
Mwani hauna mshahara, akauliza Mize,
sasa mchango wangu mtaukata wapi?
Kijana akajibu jibu refu. Mize akasema, haya.

Bi Riziki akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa.
Akapangusa kwenye kanga, akaweka tena. Ikakataa.
Miaka arobaini ya kupiga usumba
imemsugua mistari yote ya kidole.
*Mwanangu, hiki ndicho changu, sina chengine.*
Wakajaribu vyote, kimoja kimoja,
kikakubali cha mwisho wa mkono wa kushoto,
kile kidogo kisicho na kazi.

Juzi nimemwona binti wa Saumu akirudi kutoka Wete,
mfuko wa dawa mkononi, kadi imening'inia shingoni.
Dirishani hawakumuuliza pesa,
walimwambia: chumba namba sita.
Ndivyo alivyosema, basi.
Ulimi uliniwasha nimuulize anaumwa nini.
Nikamuuliza bei ya dagaa.

Alipita. Anaumwa, na sijui,
na shehia nzima haijui,
nami nikakaa kizingitini nikijifunza
kuwa kutojua nako kunaweza kuwa rehema.

Sijasema limekwisha. Kadi ni kadi.
Iko siku mtandao utalala,
iko siku dirisha litasema dawa hakuna, kanunue nje,
na Ijumaa nitatafuta kalamu.
Zimebaki kurasa ishirini na tatu nyeupe.

Jana yule wa wino mwekundu kaja, darasa la nne sasa,
mkono kiunoni kama mdai:
Bibi, nipe karatasi, tuna mtihani wa hesabu.
Nikalishika daftari muda.
Nikamchania moja.
Moja tu, kwanza.