Megabiti Tano

Mita mia nane zimebaki, Chelimo kaganda
mguu mmoja hewani, kamba ya kiatu imesimama wima,
kiduara kinamzunguka usoni kama inzi.

Kompyuta ya shemeji inanichoma mapaja.
Megabiti tano kwa sekunde, ploti nzima hapa Mwiki:
Kwamboka na tamthilia yake ya Kituruki,
Mutiso na mpira,
watoto wa chini na katuni zisizolala.

Nikatoka koridoni pekupeku, nikagonga.
"Zimeni kidogo, jamani. Dada anakimbia."

Wakazima. Kisha wakaja wote,
Kwamboka na mwiko ungali na ugali.

Chelimo akashusha mguu.

Kule keshavua viatu, keshakunywa maji;
kwetu sisi, kwa kelele za kubomoa ukuta,
ndiyo kwanza anafika, wa saba.