Injini Isiyo na Gari

Nilimnunua Paka kwa pauni mia sita,
kutu imemla vizingiti, panya amezaa chini ya kiti cha nyuma;
saluni ya mbio ya mwaka themanini na nane,
iliyoundwa hapa hapa Coventry, maili tatu kutoka jikoni kwetu.
Zuhura alimzunguka mara moja, akafungua buti, akapima kwa shubiri.
"Sufuria mbili," akasema. "Harusi ya Leicester ina sufuria tano."
Basi. Ndivyo balaa linavyoanza.

Mvua ya Novemba haipigi hodi.
Nilifunga turubai ukutani, nikawasha grinda,
nikalikata paa nyuma ya milango.
Cheche zikatoboa shuka kwenye kamba ya jirani.
Paka akabaki wazi kama kopo la dagaa.
Paa jipya nililitoa kwenye gari la kubebea maiti,
limelala kwenye vyuma chakavu kule Nuneaton:
vioo virefu, safi, vilivyozoea mwendo wa taratibu.
Zuhura hajui. Wala wewe hukusikia kwangu.

Ndipo Bwana Hodgetts akachungulia juu ya ua,
shuka mkononi, matundu saba.
Miaka thelathini na moja alifunga injini kiwandani
mpaka kiwanda kikavunjwa, pakaota nyumba za matofali.
Hakuitaja shuka. Aliutazama mshono wangu wa kuchomelea,
aliutazama mnyororo na kilichoning'inia,
akasoma herufi juu ya kifuniko.
"Toyota?" akauliza,
kama mtu aliyeambiwa bintiye kaposwa na mwizi.

Nikamweleza: sita kwa sita, mstari kwa mstari,
hii ina turbo, haivuji, na kwetu Tanga
mtu akifa, wanawe hugombea injini kabla ya shamba.
Akashuka ngazi yake. Siku tisa hakunisalimu.

Siku tisa nami nilipigana.
Sampo ikagonga mhimili; nikaikata, nikaigeuza.
Gia zikakataa kukaa; nikaipiga sakafu nyundo mpaka ikasogea.
Waya mia na kitu, kila rangi na uongo wake.
Shemeji akaja na soda, akaanza:
"Gari hili ni wewe kabisa, bodi ya huku, moyo wa—"
Nikamwambia ashike tochi.
Propela ilizidi inchi nne na robo;
nikaikata, nikaiunga, nikawasha,
na gari lote likatetemeka, na meno yangu ndani yake.

Siku ya kumi, hodi.
"Umeiunga kwa jicho," akasema Hodgetts. "Jicho ni mwongo."
Akalala matopeni, yeye na goti lake la chuma,
akavisha propela klipu mbili za mpira wa maji,
akazisogeza. Washa. Zima. Akazisogeza tena, upana wa ukucha.
Saa mbili nzima.
Kisha mtetemo ukaisha, kama mtoto aliyechoka kulia.

Pesa hakutaka. Alitaka ile ya zamani,
iliyolala chini ya gunia karibu na pipa la taka.
Akaisugua namba yake kwa kidole gumba.
Huenda aliifunga yeye, akasema. Huenda Desmond, Mungu amrehemu.
Tuliisukuma kwa ubao wa magurudumu, Zuhura akimulika.

Jumamosi Paka alibeba sufuria tano hadi Leicester.
Kwenye barabara kuu nilikanyaga, kidogo tu,
na Zuhura akashika dashibodi, akatoa shahada.
"Wewe! Nyuma kuna watu mia tatu hawajala!"
Pilau haikumwagika hata punje.

Na Jumapili, saa nne asubuhi, bandani kwa Hodgetts
inaunguruma ile ya zamani,
imefungwa kwenye kiunzi, haina gia, haina gurudumu,
bomba la moshi limetokezea dirishani.
Dakika kumi hivi.
Halafu anaizima,
na ninamsikia akiifunika ile shuka.